Dawa ya Mchwa Haigongi Mlango

Chumba cha nyuma, karakanani kwa Baba
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Za huko? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku tunapumua. Ningesema wazima, lakini nakuandikia kwa ajili ya Baba, basi nisianze na uongo.

Dada kapata kazi ya kushona mashuka ya hoteli. Analalamika kila siku, na kila siku anawahi kuamka. Paka kazaa ndani ya sanduku la misumari, hakuna anayethubutu kumgusa.

Sasa Baba. Pipa la kuchovyea mbao kwenye dawa ya mchwa liko palepale ulipoliacha. Na utaratibu wako upo vilevile: kabla ya kuchovya, kila fundi anajipaka mafuta ya kupikia mpaka viwikoni, eti dawa isishike ngozi. Baba anasema, "Kaka alinifundisha hivi, na mikono yake mpaka leo anayo."

Baba Mkubwa, mafuta ndiyo yanayoiingiza dawa mwilini.

Nimesoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Mwili ni seli tupu, vijichumba vidogo mno, kila kimoja kimezungushiwa utando, na utando wenyewe ni wa mafuta. Chumvi na sukari hazipiti hivihivi, zina vijilango vyake, na vijilango vinachagua. Lakini kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta hakiombi njia. Kinazama kwenye utando, kinaibukia ndani. Kinatoka kulikojaa kwenda kusikokuwa nacho, bila kusukumwa na mtu. Dawa yetu ni ya aina hiyo. Sisi tunaiyeyusha kwenye mafuta na kuitandaza kwenye ngozi, imebaki kushuka tu.

Nilipoelewa nilirukaruka kitandani kwa furaha. Halafu nikamsikia Baba anakohoa upande wa pili wa ukuta, nikakaa.

Anatoka jasho hata kivulini. Mate yanamjaa mdomoni. Kope moja inacheza yenyewe. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na hata akiingia stoo gizani hazifunguki. Nimesoma maana yake: sumu imeshafika kwenye neva. Hilo Mama sijamwambia.

Baba nilimwambia, mbele ya mafundi, kosa langu hilo. Akasema, "Haya, Daktari wa Simu kafika. Hebu iulize simu yako, meza hii kaiunga nani?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikasema basi twende hospitali. "Nikatibiwe nini, jasho?"

Nikamletea glavu za mpira. Jana alizivaa, nikafurahi, kumbe alishamimina mafuta ndani ili ziteleze, na mikono ilikuwa imelowa dawa tayari. Kashinda nazo kutwa nzima.

Kesho wanaanza oda ya madawati ya shule. Mbao zimejaa uani hadi mlangoni. Mimi hanisikii, na Mama akisema, anaambiwa nimemjaza maneno. Wewe ukipiga simu, anainuka kitini kabla hajapokea. Lakini simu yako haipatikani, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la mbao, anapita kwenu kesho asubuhi.

Ukiisoma, azima simu ya yeyote, mpigie. Si lazima umweleze habari za utando. Mwambie ulikosea kumfundisha. Aache pipa, avue nguo zilizolowa, aoge kwa sabuni, aende hospitali na kopo la dawa mkononi walione. Akibisha, mgombeze kama mdogo wako.

Nisalimie sana Mama Mkubwa na kaka zangu wote. Mungu awalinde huko, na aifikishe barua hii mapema.

Hapa nilipofika Baba kaniita. Alitaka nimfungie vifungo vya shati, vidole vyake vimekataa. Nimemfungia vyote, akatoka kwenda kuchochea moto wa kuyeyushia gundi.

Mpigie.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kitindamimba wa ndugu yako