Feni Iliyompandisha Bibi Monica

Tlawi,
S.L.P. 96,
Mbulu, Manyara.
4 Julai 2004

Shangazi yangu mpendwa Kornelia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na Baba Patriki na Patriki mwenyewe. Ule mguu uliosema unavimba ukisimama sana wodini umepata nafuu? Bibi ananiuliza kila siku kana kwamba mimi ndiye daktari wako, nami namjibu kwamba umepona, kwa hiyo tafadhali pona.

Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na kuku wanagoma kutoka. Mahindi tumevuna, si mabaya. Mama yuko salama. Babu analalamika goti lakini akisikia habari ya gari goti linapona ghafla. Mimi nimefunga shule, nipo nyumbani.

Uliuliza habari za mama yako mkubwa, Bibi Monica. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi peke yake kule Yaeda Chini, na macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Bibi aliposikia kwamba dada yake amemwaga uji motoni akidhani anamwaga kwenye bakuli, alisukuma sahani yake pembeni. Halafu akamwambia Babu, mbele yetu sote: "Dada yangu anakuja kulala chumbani kwangu. Wewe kama hutaki, kwa mbuzi kuna nafasi." Babu akaendelea kula.

Kumleta ndiyo ilikuwa kazi. Kile kilima unakijua, si cha kupanda kwa miguu mtu asiyeona. Kupanda punda alikataa, akasema yeye si gunia. Ikabaki Landrova ya Babu, ile ile iliyokupeleka wewe shule ya bweni. Nayo mwezi wa tano ilikuwa imechemsha kilimani hapo hapo, maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Safari iliyofuata ikazimika kabisa, Baba akavutwa na ng'ombe. Babu akatangaza kwamba ikishindwa kilima mara moja tu tena, anamwita yule mnunuzi wa chuma chakavu wa Katesh aje na shoka lake. Kwa hiyo sote tulijua: gari likishindwa, Bibi Monica atabaki kule chini na moto wake asiouona.

Sasa nikuambie jambo ambalo Mama atacheka akilisikia. Mimi ninalipenda lile gari. Wenzangu wakifunga shule wanasukana nywele, mimi nafungua boneti na kuangalia. Siongei. Unanijua, hata darasani nikiitwa jina, sauti yangu inaondoka inakwenda mahali. Chini ya boneti hakuna anayeniita.

Kilichoniteka hasa ni feni. Ile ya zamani, iliyokuwa ikizungushwa na mkanda, ilivunjika bawa na kuchana rejeta, lile tangi la kupozea maji ya injini. Fundi Joakimu wa Mbulu mjini, yule mrefu anayezungumza na magari kama na ndama, akaweka rejeta nyingine na feni ya umeme. Aliitoa kwenye gari dogo la mtumba lililogongwa, siku hizi yamejaa Babati. Feni ile haijui habari za injini, inazungushwa na betri, kwa hiyo lazima mtu aiwashe na kuizima. Joakimu akafunga swichi ya taa ya nyumbani kwenye dashibodi, nyeupe, ile ile ya ukutani, na Baba ndiye mwenye kubonyeza.

Baba naye mawazo yake yako shambani. Mara ya kwanza alisahau kuiwasha, maji yakachemka. Mara ya pili aliogopa, akaiwasha tangu nyumbani, na kwa kuwa dinamo ya Landrova ni dhaifu, feni ikaila betri yote kabla ya kufika nusu ya kilima. Saa ya kuonyesha joto ilikufa zamani. Yaani dereva anatakiwa aijue homa ya mgonjwa asiyeweza kumgusa.

Ndipo Joakimu akaleta kitu kutoka gari lile lile la mtumba. Shangazi, ni kidude cha shaba kinachoingia kwenye kiganja, kina nyuzi za kukaza kama boliti na kimepigwa muhuri wa namba 95. Sote tulidhani ni mwaka kilipotengenezwa. Kinakazwa kwenye rejeta ili kiguse maji. Maji yakipata moto, ndani yake kitu kinajikunja na kugusana, umeme unapita. Umeme wenyewe ni kidogo sana, hauwezi kuzungusha feni. Unakwenda kwenye kisanduku wanachokiita rilei, unaamsha sumaku, na sumaku inavuta mlango ambao umeme mkubwa unapita. Ta! Mdogo anamfungulia mkubwa. Usiku ule sikulala vizuri kwa kukiwaza.

Joakimu alitaka kukijaribu kabla ya kukifunga. Akamwomba Bibi sufuria, akachemsha maji, akakitumbukiza kimefungwa waya kwenda betri na balbu.

Babu akamuuliza, "Sasa unapika chuma? Weka na chumvi."

Maji yakatokota, yakarukaruka, mfuniko ukacheza. Balbu haikuwaka. Akaongeza kuni, ikawa vile vile. "Kimekufa," Joakimu akasema, akakitupa karibu na banda la kuku. Ikaamuliwa twende hivyo hivyo kwa swichi nyeupe, na Joakimu awe pamoja nasi. Mimi nilikwenda kukiokota. Sikuwa na sababu. Niliona vibaya kitu kama kile kuchezewa na kuku, nikakitia mfukoni.

Tukateremka Alhamisi asubuhi: Baba kwenye usukani, Babu pembeni yake, nyuma Bibi, Joakimu na mimi, niliyechukuliwa ili nimshike mkono Bibi Monica. Kuteremka si shida, injini haifanyi kazi kubwa. Kila kona joto linaongezeka, unavua sweta, unavua na kitambaa. Tulimkuta amekaa mlangoni, mzigo wake umefungwa kwa kanga, na sufuria ya mwisho ya maharage ipo motoni ili tusiondoke na njaa.

Bibi na dada yake walishikana mikono wakaanza kutaniana papo hapo, kwa Kiiraqw, kana kwamba waliachana jana.

"Mimi hapa nikigeuka maharage yameiva," Bibi Monica akasema. "Kwako yanashinda motoni mpaka watoto wanalala. Nitakufa njaa huko juu."

"Ni ya kwako yasiyo na adabu, yanaiva kabla hayajaambiwa."

"Acha! Wewe si ndiye unayeweka jiwe juu ya mfuniko ukiyabembeleza?"

Shangazi, fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza. Nilikuwa nimekariri kwamba ukipanda juu, boiling point, yaani joto la maji kuchemkia, inashuka, na nilipata vema yangu, lakini sentensi ile ilikuwa imekaa kichwani kama wimbo wa watu wengine. Pale kwenye moshi wa Bibi Monica ikageuka ikawa Kiswahili, ikawa hata Kiiraqw. Kwetu Tlawi hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji, nayo yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yanaruka tu, hayana ukali. Na ile 95 haikuwa mwaka. Ilikuwa digrii za joto. Kile kidude hakikufa. Kwetu kilikuwa kinasubiri moto ambao sufuria ya Bibi haiwezi kuufikia, lakini ya hapa chini pengine inaweza.

Nikakishika mfukoni, nikamfuata Joakimu, nikarudi. Nikamfuata tena. Mwishowe nilimwambia nikiangalia viatu vyake.

"Violeth," akasema, "maji yakichemka yamechemka. Hata Ulaya."

Babu akacheka. Nilitaka ardhi inifunike, na nilikuwa nimeshageuka niondoke. Bibi Monica ndiye aliyesema, hata hakujua tunazungumzia nini: "Mjaribishieni mtoto. Maji ni yangu na kuni ni zangu."

Joakimu akaleta betri na balbu, nami nikabandika sufuria ya maji. Tukainama wote. Maji yakaanza kutokota na balbu ikabaki giza. Halafu ikawaka. Balbu ile ile, kidude kile kile, siku mbili tu tangu kiitwe maiti. Mimi nililia kidogo, nakiri, nikasingizia moshi.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi Monica akauliza. "Nani amefariki?"

"Amefufuka, mama," Joakimu akajibu.

Kilichonifurahisha ni kwamba Joakimu hakuona haya wala hakunionea. Alianza kuuliza maswali makubwa. Akasema, kama maji ya juu yanachemka kabla ya tisini na tano, basi tukikaribia kilele rejeta itatapika kabla feni haijaitwa. Nikasema ndiyo. Tukaangaliana. Kisha wote wawili tukaangalia sufuria ya maharage, na nikasema neno moja tu: jiwe. Naye akalidaka. Mfuniko wa rejeta una springi ya kuyakandamiza maji yasichemke upesi, ila mpira wake ulikuwa umeoza na Joakimu alikuwa akiuzungushia kitambaa. Mvuke ulikuwa unatoka unavyotaka. Akakata mpira mpya kwenye tyubu nzito ya trekta, akaupima, akaukata tena. Mimi nilishika mkasi. Akakaza kidude, akafunga rilei, na ile swichi nyeupe akaiacha kama akiba.

Babu akapanda mbele na kuweka kiganja chake juu ya swichi nyeupe. "Mnasema kinajua chenyewe. Basi kijue chenyewe. Mimi simwamini mchungaji anayeshikwa mkono."

Tukaanza kupanda. Bibi Monica alikaa katikati yangu na Bibi, mzigo mapajani. Landrova ilinguruma gia ya kwanza, mawe yanateleza, na feni kimya. Kona ya mbuyu uliolala, kimya. Nilikuwa nahesabu kwamba nikiwa nimekosea, ni mimi nitakayemrudisha huyu bibi chini, mimi niliyefungua mdomo mara moja tu maishani. Harufu ya moto ikaingia. Baba akaanza kujipangusa jasho, mkono wake ukaenda kwenye dashibodi.

"Acha," Babu akasema.

"Baba, tutaua injini."

"Nimesema acha."

Tuliingia kwenye ukungu, pale upepo wa baridi unapokupiga usoni. Bibi alikuwa anasali rozari kimoyomoyo, namwona kwa midomo. Nikafumba macho. Ndipo nikasikia: ta. Sauti ndogo kama ukucha unaovunjika. Halafu vuuuu! Feni ikavuma yenyewe ndani ya boneti, hakuna aliyeigusa, kiganja cha Babu kipo pale pale.

Bibi Monica akanishika mkono. "Nani huyo amekuja?"

Shangazi, sijui nikueleze vipi. Kitu hakina macho, hakina masikio, hakijawahi kufika Mbulu, kilitengenezwa na watu wasiojua kwamba sisi tupo. Kimekaa gizani ndani ya maji, kinasikia joto, kinaita. Na kilima kilipokwisha, tukafika tambarare na kuona moshi wa nyumba za kwanza, kikanyamaza chenyewe, kama mtu mwenye adabu aliyemaliza kusema. Kanisani huwa najaribu kujisikia hivi na mara nyingi sifaulu.

Babu aliondoa kiganja akakitazama, kimepigwa alama ya swichi katikati. Tukapita mtoni. Ndipo akamwambia Baba bila kugeuka: "Ukienda Katesh, mwambie yule wa chuma atafute gari lingine." Bibi akamfinya Bibi Monica, Bibi Monica akauliza anafinywa kwa nini, wakaanza kugombana kwa furaha.

Tulipofika nyumbani majirani walikuja. Babu akafungua boneti na kuniita nieleze. Nilieleza, Shangazi. Mbele ya wanaume. Sauti ilitoka ikiwa nyembamba lakini ilitoka, na Joakimu alikuwa ananiitikia kwa kichwa. Mmoja akauliza, "Sasa huyu ataolewa na nani, na Landrova?" Walicheka, nami nikacheka. Mwakani nataka kuendelea na fizikia, hilo bado sijamwambia Baba. Nakuomba wewe umwandikie, neno lako analisikia.

Walipoondoka, Bibi Monica aliniambia nimpeleke kwa huyo aliyempandisha. Joakimu akachomoa waya wa betri kwanza. Nikauchukua mkono wa Bibi Monica, nikaupitisha taratibu mbele ya rejeta mpaka ukagusa feni. Akapapasa mabawa yake moja baada ya jingine, akarudia, akafika katikati akatulia.

"Ni kadogo hivi?" akasema. "Mimi nilidhani ni mtu."

Sasa amelala chumba cha Bibi, nawasikia bado wanaongea. Babu amehamia kwetu, si kwa mbuzi.

Msalimie sana Baba Patriki, na Patriki umwambie ana bibi mwingine hapa anayemsubiri. Mama, Baba, Babu na bibi zangu wote wawili nyumbani wanakusalimu, Bibi Monica anasema uje kabla hajasahau sauti yako. Mungu akuangalie kazini na njiani, na akupe mguu mzima wa kukurudisha kwetu.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda hata nisipoongea,

Violeth Baltazar Sulle