Tundu la Hedifoni

Hinda, shika simu! Wallahi nakupigia hushiki, basi sikiliza hii voice.

Ule mkutano wa jana wa amani kati ya koo zetu mbili juu ya kisima, nilikuwa narekodia redio. Waya ya miksa, ile mashine ya vipaza sauti, nikachomeka kwa tundu la hedifoni la laptop badala ya la maiki. Mimi wa kukosea tundu!

Basi laptop imerekodi na maiki yake yenyewe, huko nyuma ya hema. Hotuba hazisikiki. Wanaosikika ni wanaume wawili waliokaa karibu nayo.

Mmoja anasema, "Wacha Guled atie sahihi. Alhamisi hafiki nyumbani."

Hafiki nyumbani. Guled, ndugu yako!

Sauti naijua. Ni Issack wa ule ukoo mwingine, yule aliyemkumbatia Guled mbele ya wazee wote.

Leo ni Alhamisi. Mwambie asitoke hapo alipo.

Issack amenipigia sasa hivi. Ameuliza kama rekodi imetoka safi.