Mama Sangwa Hakukuroga

Kabwe, ndugu yangu,

Matanga yako yameisha, na mama yako mdogo, Mama Sangwa, aliyekulisha miaka yote hii, anafukuzwa.

Juzi wajukuu wa ukoo walikuiga, kama desturi inavyotaka mtu akifa. Mmoja alivaa shati lako, akaanza kusema jambo, akanyamaza katikati, akapapasa mifuko na kucheka peke yake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Njo yeye! Njo yeye kabisa!"

Ndiye? Ndiye nani? Wewe ulikuwa mtu pekee katika Kalemie nzima aliyeweza kunishinda kwa hoja. Shuleni uliniumbua mbele ya darasa, kisha ukanimegea muhogo wako. Ni hukohuko, nyuma ya bweni, ulikoanza bangi. Hukuiacha tena. Miaka mingi baadaye nilikuja na gazeti kukuchokoza tubishane, ukawa unaniuliza tena na tena nimesoma nini. Mwishoni ukasikia watu wasiokuwapo wakikuita kutoka mtoni. Ukawaitikia. Lukuga ikakuchukua.

Ukoo ulipokaa kikao kutafuta aliyekuua, nikasimama nikawaambia: ni moshi uliomla, kidogo kidogo, tangu ubongo wake ungali mchanga. Mjomba wako akanirukia: "Citoyen Kiza, acha na vitabu yako! Ule muzee wa kule port anavuta tangu wakati wa Wabelgiji, kichwa yake nzima!" Nikamwuliza: je, kila anayekunywa maji machafu hufa kwa kipindupindu? Na asiyekufa, ndiyo ushahidi kwamba maji ni safi?

Walinipigia makofi. Wanapenda nikisema. Kisha wakaamua vilevile: Mama Sangwa ndiye aliyekuroga, kwa kuwa chakula ulikula kwake.

Kesho anapanda mtumbwi wa kwenda Zongwe. Nilikwenda kumwambia asisikilize wajinga. Nilimkuta anakunja vitenge vyake, hata hakuinua macho. "Baba," akasema, "pengine njo mimi. Pengine nilifanya mu usingizi, bila kujua."

Nimebishana na mapadri, na walimu, na wakubwa wa chama. Hilo nakuletea wewe, Kabwe. Wewe ungelijibu. Wewe wa zamani.

Pumzika sasa, mshindani wangu. Nitamsindikiza mpaka Zongwe, na njia yote nitamwambia hakukuua. Hataniamini. Nitamwambia tu.

Kiza