Kuku wa Mama na Darasa la Saa Kumi

Jumamosi, jioni

Aibu tupu. Mama ametoka Butere na ingokho kwapani, kuku wake mwenyewe wa kufuga, na mimi nikamwandalia kuku wa kununua hotelini. Saa kumi nilikuwa na darasa la diploma kwenye simu, na bosi anataka ripoti yake leo hii. Nilijiambia kuku ni kuku.

Alimega kipande kimoja, akasema, "Nimeshiba, mwanangu." Kisha akaingia jikoni akamchinja yule wake. Mgeni, kujichinjia kuku!

Nikabaki sebuleni na simu. Mwalimu anaongea, mimi nasikia maji moto yakimwagwa kwenye karai. Ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanirudisha nyumbani. Kila Jumamosi tulikuwa tunazunguka karai watoto wote wanne, kila mmoja na upande wake wa kunyonyoa, na Mama akituuliza swali moja, mmoja mmoja. Shamba la miwa lilikuwa linamngoja, lakini hakuwahi kutuharakisha. Sijui muda alikuwa anautoa wapi.

Nikamsikia akimuuliza binti yangu Neema swali lile lile: "Wiki hii nani amekukasirisha?" Neema, ambaye kila nikimuuliza hunijibu "hakuna kitu", akaongea bila kupumua.

Nikaliacha darasa. Nikaingia jikoni, nikageuza ndoo, nikaketi kando yao. Mama hakuinua uso, alinisogezea tu bawa moja.

"Na wewe?"

Nikafuta macho kwa kiwiko. Nikasingizia mvuke.