Ng'ombe Mkubwa na Kompyuta Yako

Mjukuu wangu Eliamani,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Machame hatujambo, na babu yako bado anakoroma kanisani.

Unauliza ununue kompyuta kubwa ya gemu au ile mashine ndogo ya kuchomeka kwenye runinga. Gemu sizijui. Ila nilipoolewa, babu yako aliniachia nichague ng'ombe sokoni Kwa Sadala. Nikamwacha wa kienyeji, nikachukua wa kisasa, ili majirani waone. Hakuenea bandani, tukabomoa ukuta. Kisha kila siku nikawa nashuka tambarare kumkatia nyasi. Maziwa yalijaa ndoo, ila yalinywewa mimi nikiwa njiani, mzigo kichwani.

Babu yako anasema chukua hiyo kubwa. Lakini kumbuka, yeye kazi yake ilikuwa kunywa.

Bibi yako