Tunaweza Kukukata

Kanmani, shoga, nimemkumbatia daktari. Tumbo wazi!

Subiri nikueleze. Si unajua walikataa kukata kipande cha ini langu wampe mdogo wangu Anbu, eti lina mafuta mengi? Vipimo vingine vyote nilipita, yakabaki hayo mafuta.

Leo nimelala kwenye altrasaundi, jeli baridi tumboni, Daktari Elango anapitisha kile kifaa ubavuni, macho kwenye skrini. Nikashindwa kuvumilia. "Daktari, bado yapo?"

"Yamepungua sana, mama. Tunaweza kukukata."

TUNAWEZA KUKUKATA! Nani hufurahia maneno hayo? Niliruka nikamkumbatia, jeli yote ikaishia kwenye koti lake jeupe. Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Shoga, aibu!

Nikakimbilia wodini kwa Anbu. Macho ya njano, lakini mdomo ni ule ule: "Dada, hilo ini si limejaa zile chapati zako za dosa za samli?"

"Nyamaza! Tangu wanikatae sijalamba hata kijiko cha samli, kwa ajili yako."

Akageukia ukutani. Nikadhani amenuna, kumbe analia. Kisha akanishika mkono: "Nikipona, nitakupikia mimi mwenyewe."

Kanmani, yule hajui hata kuwasha jiko. Nimelia kama mtoto.