Piano Isiyoshuka Ngazi

Shikamoo Bi Zena. Mimi ni msomaji wako wa kila Jumamosi, na leo naomba unisikilize mimi, maana nimebeba jambo ambalo siwezi kumwambia jirani wala ndugu. Naitwa Husna, nina miaka thelathini na mbili, naishi Kariakoo ghorofa ya tatu, upande wa kuelekea Gerezani, pamoja na mume wangu Idrisa na wanetu wawili. Idrisa ana duka la spea za magari hapo Gerezani, ni mtu mpole, halewi, hanipigi, nyumbani hakupungui kitu, na haya nayasema mapema ili usije ukadhani nimekuja kumchafua.

Bi Zena, mimi ni mpiga piano. Sijui niseme vipi isisikike kama najisifu, lakini ndivyo nilivyo. Marehemu baba yangu, mzee Fikirini, alipiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu na mimi nilikaa pembeni yake mazoezini tangu nikiwa mdogo, kisha nilipoenda sekondari nikakuta piano ya kweli ukumbini, mwalimu akanifundisha kusoma noti, na tangu hapo vidole vyangu havijatulia. Miaka yote ya ndoa nimekuwa nikipiga kwenye kicheni pati na singo za mabibi harusi, wanawake kwa wanawake, kwa kinanda cha kukodi, na Idrisa hakuwahi kuwa na neno, nikirudi ananiuliza tu kama nimekula.

Sasa mwaka huu kuna mgahawa mmoja Upanga, meneja wake anaitwa Polycarp, dada yake alinisikia kwenye singo moja akamwambia habari zangu, naye akaniita nikapige jioni moja ya majaribio. Siyo baa, pombe haiuzwi, watu wanakuja na familia zao kula, na mimi nilijistiri vizuri. Nilimwambia Idrisa akasema sawa, nenda. Nikakodi kinanda kama kawaida, kile kifupi chenye vitufe vyepesi, ukigusa taratibu kinapiga kelele, ukigusa kwa nguvu kinapiga kelele ileile, na kwenye wimbo wa pili mkono wangu wa kushoto ukashuka kutafuta sauti nene ukakuta vitufe vimekwisha. Lakini sikusimama, nikauhamisha wimbo palepale nikaupandisha juu kidogo, nikaendelea, na watu waliokuwa wameshaomba bili wakaagiza chai wakabaki. Mwisho Polycarp akaniambia anataka nije jioni tatu kila wiki, kwa malipo ya kueleweka, ila kwa sharti moja. Alisema, "Dada Husna, uje na piano yako. Hiki kinanda kinakuangusha."

Nilirudi nyumbani nimefurahi mpaka nikashindwa kula, nikamweleza Idrisa yote, naye akanyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, jioni ile na siku zilizofuata, anakula, anaenda dukani, anarudi. Mimi nikaanza kuzunguka maduka ya vyombo vya muziki hapa Kariakoo kutafuta piano ya umeme ambayo akiba yangu inaweza kuifikia, na nikaipata moja, ndefu kamili, vitufe vizito kama ile ya shuleni, lakini nyembamba, muuzaji akaiinua peke yake akanionyesha. Akiba yangu ilikuwa inafika nusu ya bei na kidogo. Nikasema sawa, nitajikusanya.

Jumapili iliyofuata nikasikia kelele kwenye ngazi, nikafungua mlango, nikamwona Idrisa anapanda kinyumenyume anaelekeza wanaume wanne waliobeba kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi. Ilikuwa piano. Piano ya umeme ya kabati, ya mbao, ina mfuniko na pedali tatu, aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi, na ili aipate ameuza pikipiki yake. Ilipoingia sebuleni ikabidi meza ya kulia ihamie kwa mama mkwe. Idrisa akajifuta jasho, akaniambia, "Haya mke wangu. Sasa huna haja ya kutoka kwenda kupiga kwa watu."

Bi Zena, sikujua nicheke au nilie. Sauti ya piano ile ni nzuri, sitakudanganya, niliipiga mchana ule mpaka majirani wakaja kusimama mlangoni. Mama mkwe wangu, Bi Maimuna, sasa kila mgeni wake anamleta aione, na mimi ananiambia nishukuru, wanawake wangapi wanaletewa piano. Lakini piano ile haishuki ngazi. Niliwauliza wale wabebaji kama inawezekana kuishusha na kuipandisha mara tatu kwa wiki, wakaniambia labda niwaajiri. Polycarp amenipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha atatafuta mtu mwingine. Idrisa nimemgusia mara moja, akasema mwanamke akipiga nyumbani kwake anapendeza zaidi, akatoka kwenda kuswali, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa nisikilize hapa. Rafiki yangu Nice ana shule ya chekechea Ilala, ameiona piano ile na anaitaka kwa ajili ya watoto, na bei anayotaka kunipa nikiichanganya na akiba yangu nitanunua ile nyembamba pamoja na stendi na begi lake. Wiki ijayo Idrisa anaenda Tunduma kuchukua mzigo. Nice atakuja na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na vijana wa kubeba, na Idrisa atakaporudi atakuta nimeshaanza kazi. Kuna saa naitazama ile piano naona mapenzi ya mume wangu, na kuna saa naona amenifungia ndani. Nifanye nini? Na kama nitanunua, nichague ipi, maana dukani ziko za aina nyingi na muuzaji anazisifia zote?

Husna, Kariakoo.

Bi Zena anajibu:

Marahaba, Husna. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitabasamu, mara ya pili nikakunja uso.

Nilitabasamu kwa sababu umejiita mpiga piano. Usiombe radhi kwa hilo. Mtu anayeuhamisha wimbo katikati ya kuupiga na wateja wakaongeza chai ana haki ya kujiita hivyo mbele ya yeyote.

Uso nimeukunja kwa sababu ya kirikuu. Usithubutu. Zawadi uliyopewa ni mali yako na kuiuza una haki. Kuiuza mwenzako akiwa Tunduma huna. Akirudi akute sebule tupu, hata ukipiga vizuri namna gani, hatasikia muziki, atasikia jinsi mkewe alivyosubiri asafiri. Na wewe utakuwa umempa sababu ya kusema alikuwa sahihi kukuzuia.

Halafu kuna jambo lingine, mwanangu. Umeniandikia walichosema wabebaji, alichosema mama mkwe, alichosema meneja na alichofanya muuzaji. Sikuona mahali ulipomuuliza Idrisa anaogopa nini. Unasema ulimgusia. Kugusia siyo kuuliza. Naye kabla ya kuuza pikipiki hakukuuliza unahitaji piano gani. Yeye alinunua kimyakimya na wewe unataka kuuza kimyakimya. Mmefanana kuliko unavyodhani.

Unataka kujua kama amekupenda au amekufungia. Mimi naona ni vyote viwili. Mtu hauzi chombo chake cha usafiri kwa chuki. Lakini yale maneno aliyokwambia piano ilipoingia yalitoka kwenye hofu, na hofu hiyo isipotajwa itaendelea kukaa hapo sebuleni na hiyo piano. Idrisa, kama gazeti hili limefika Gerezani na unalisoma, nakwambia na wewe: mke habaki nyumbani kwa sababu kitu kimekuwa kizito kubeba. Miaka yote ulimwacha atoke kupiga na hukukosa usingizi. Sema kilichobadilika.

Kwa hiyo Husna, kabla hajaenda Tunduma, mkae. Usianze na Nice wala usianze na bei. Muulize ulichoshindwa kumuuliza, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Ukishamsikia, mwambie mambo mawili: zawadi yake umeithamini, na kazi ya Upanga unaitaka. Hapo usiwe kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Zungumzeni masharti kama watu wazima, siku zipi, saa ngapi umerudi, nani anakuchukua, watoto wanabaki na nani. Mama mkwe mheshimu, mpelekee salamu, lakini katika hili hana kura.

Sasa piano yenyewe. Mimi naijua kwa masikio tu, kwa hiyo nimempigia simu Awadhi, ambaye amepiga kwenye kumbi za harusi za mji huu kwa miaka mingi na anafundisha nyumbani kwake Buguruni. Nilimsomea barua yako bila kutaja jina. Anasema jicho lako liko sawa. Anayepiga nyumbani na kwa watu anahitaji piano moja ndefu kamili, vitufe themanini na nane, vizito, vinavyojua tofauti ya mkono mlaini na mkono mkali. Hapo ndipo pesa yako iende. Usinunue wingi wa milio. Muuzaji akianza kukuonyesha sauti ya filimbi na ngoma mia mbili, mwambie akuonyeshe sauti ya piano peke yake, ukae, ukanyage pedali, upige noti nyingi mfululizo usikie kama za mwanzo zinakatika. Zikikatika, hiyo iache.

Anasema pia uende na begi la kubebea, uinue piano wewe mwenyewe, upande nayo ngazi za dukani na ushuke, siyo muuzaji akuinulie. Spika zake ndogo zitakutosha sebuleni lakini mgahawani hazitoshi, kwa hiyo nyuma lazima iwe na matundu ya kupeleka sauti kwenye spika kubwa, nawe umuulize Polycarp spika zake zinapokea waya gani kabla hujalipa. Iwe na tundu la hedifoni ili ufanye mazoezi bila kugombana na mpangaji wa chini. Stendi nunua ile imara ya miguu iliyopishana kama X, ya vyuma viwili viwili, siyo inayoyumba ukikolea. Pedali ndogo nyepesi wanayokupa bure itakukimbia sakafuni, ongeza kidogo upate nzito. Na umeme wetu unaujua, piano usiichomeke bila kifaa cha kuilinda.

Mpya au iliyotumika? Awadhi anasema ukipata iliyotumika ya jina linaloeleweka, ni bora kuliko mpya ya jina usilolijua, mradi uguse kila kitufe kimoja kimoja na upewe risiti yenye namba ya simu inayopokelewa. Ile ya kabati usijutie. Ni piano nzuri kwa mtu asiyehama, na watoto wa chekechea hawahami.

Nenda dukani na Idrisa. Mtu wa spea anajua kukagua kitu kuliko mimi na wewe, na akishaichagua kwa mikono yake itakuwa yake pia. Na mkishazungumza, siku hiyohiyo mpigie Polycarp umwambie unakuja. Wiki mbili za kwanza kodi piano nzuri kama ni lazima. Jioni ya kwanza nenda na mumeo, mkalishe meza ya karibu, mwagizie chai, na usimtazame mpaka umemaliza wimbo wa tatu.

Mrejesho kutoka kwa Husna:

Bi Zena, naandika kwa kifupi kwa sababu watu wengi wameniuliza. Tulikaa. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema, "Nilijisemea watu wazito watakuona pale kila wiki. Halafu mimi muuza spea utanionaje?" Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilimwambia ninavyomwona, na hayo hayaandikwi gazetini.

Tunduma aliahirisha. Tulienda dukani pamoja, akagusa kila kitufe, akakuta kimoja kinachelewa kurudi, akawaambia wafungue boksi jingine. Bei aliishusha yeye, mimi nilikaa pembeni. Nice amechukua ile ya kabati na watoto wake wanaipenda. Bi Maimuna bado hajafurahi, anasema sebule yetu imekuwa kama ya wapangaji wapya, nami nampelekea salamu kama ulivyosema.

Alhamisi Idrisa alikuja Upanga. Alikaa, alikunywa chai, na mimi sikumtazama. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza ule wimbo wa mwisho nimejifunza lini, mbona hajawahi kuusikia. Nikamwambia naupiga nyumbani kila asubuhi, tangu tuoane, kwa vidole tu juu ya meza ya kulia kama hakuna kinanda, yeye akiwa ameshaenda dukani.

Tukavuka barabara. Kisha akasema wiki ijayo atachelewa kufungua duka, mpaka saa nne asubuhi.